Mwizi wa gemu hana soko bila mashabiki

JUMAPILI ya Septemba 18, 2022, mtu aliyejificha nyuma ya jina la bandia alimwaga kwenye intaneti video zipatazo 90 za mchezo wa kompyuta ambao vijana wa dunia nzima walikuwa wanausubiri. Ni mchezo wa sita katika mfululizo wa Grand Theft Auto, ambao vijana wetu huuita GTA tu, unaotengenezwa na kampuni ya Rockstar. Ule wa tano ulitoka Septemba 17, 2013. Kwa hiyo mashabiki walikuwa wamekaa miaka tisa na siku moja, na kitu walichokuwa wameambiwa rasmi, Februari ya mwaka huo wa 2022, ni kwamba kazi inaendelea.

Ndugu msomaji anaweza kuuliza jambo hili linatuhusu nini sisi wa huku, tunaohangaika na bei ya mafuta na foleni ya mpakani Mugina. Naomba apite siku moja kwenye kibanda chochote cha gemu, awe Makamba, Nyanza-Lac au ng'ambo kule Kigoma mjini, aangalie ni watoto wa nani wamekaa pale wameshika pedi. Ni wetu. Mama yuko sokoni na mihogo yake, baba amevuka kufuata bidhaa, mtoto yuko mbele ya televisheni anaendesha gari la wizi katika mji wa Marekani. Na sisi walimu ndio tunaowasikia Jumatatu asubuhi.

Kesho yake, Jumatatu, Rockstar ilithibitisha kwamba video zile ni za kweli, kwamba kuna mtu aliingia katika mfumo wao wa kompyuta bila ruhusa na kuchukua siri za kampuni. Kuhusu wizi wenyewe sina mengi. Mahakama imeshausikiliza na nitaligusia hilo mbele. Kinachonikereketa ni namna mashabiki walivyoupokea, tena mashabiki wale wanaosema wanaupenda mchezo huo kuliko usingizi.

Wengi walicheka. Video zile zilikuwa za kazi isiyokwisha, zenye maandishi ya mafundi yakielea juu ya picha, na sehemu ambazo bado hazijapakwa urembo wowote. Basi watu wakaanza: miaka yote hii, fedha zote hizi, ndiyo hii? Mmoja wao akajitia ujuzi na kutangaza kwamba picha ndicho kitu cha kwanza kukamilishwa katika utengenezaji wa gemu, kwa hiyo alichokiona ndicho kitakachouzwa. Kauli hiyo ilisambaa mno, na mafundi wa kampuni nyingine wakaamua kumjibu kwa vitendo. Walioutengeneza mchezo wa Control, uliotoka mwaka 2019 na kusifiwa sana kwa uzuri wa picha zake, wakatoa hadharani video zao za mwanzo, mambo yakiwa bado ghafi kabisa. Wengine wakafuata. Walifanya hivyo ili wenzao wa Rockstar wasibaki uchi peke yao, na nakiri kwamba katika habari yote hii hapo ndipo nilipowaheshimu watu.

Sisi tuliorudi tunajua maana ya kuchekwa kazi ikiwa haijakwisha. Tulianza na turubai, tukafyatua tofali mbichi, tukasimamisha ukuta mvua ikaushusha, tukausimamisha tena. Wapo waliopita njiani nyumba ikiwa kwenye linta wakauliza kama hilo ni zizi la mbuzi. Lakini hata hao walikuwa wanapita barabarani. Hawakuvunja uzio kuja kuchungulia.

Baada ya kicheko kikaja kitu ambacho kwangu ni kibaya zaidi, nacho ni ushujaa. Septemba 22, siku nne tu baada ya video kumwagwa, polisi wa Uingereza walimkamata kijana wa miaka 17 katika mkoa wa Oxfordshire. Mahakama ilielezwa kwamba wakati wa tukio kijana huyo alikuwa nje kwa dhamana kwa tuhuma za kuvamia kampuni nyingine, amewekwa hotelini chini ya ulinzi wa polisi, kompyuta yake imeshachukuliwa. Akatumia televisheni ya chumbani, kifaa kidogo cha Amazon kinachochomekwa nyuma ya televisheni, na simu ya mkononi. Kwa vitu hivyo akaingia Rockstar. Aliingia hadi kwenye mtandao wa Slack ambao wafanyakazi hutumia kuzungumza kazini, akawaandikia kwamba yeye si mfanyakazi mwenzao bali ni mvamizi, na kwamba wasipowasiliana naye ndani ya saa 24 ataanza kumwaga maandishi ya ndani ya programu, yaani yale maelekezo ambayo kompyuta hufuata ili mchezo uende.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa tisa wanaijua habari hii neno kwa neno. Hawajui tarehe ya Mkataba wa Arusha, lakini wanajua jina la kile kifaa cha kuchomeka kwenye televisheni. Wanaisimulia kama sisi tulivyokuwa tukisimuliana habari za Sungura na Fisi, na kijana yule kwao ndiye Sungura. Fisi ni kampuni.

Sehemu ambayo hawaisimulii ni ya mwisho. Madaktari walimwona kijana yule kuwa hana afya ya akili ya kumwezesha kusimama kizimbani, hivyo Agosti 2023 jopo la wananchi lililosikiliza kesi mjini London liliulizwa kitu kimoja tu: matendo haya aliyafanya au hakuyafanya. Likasema aliyafanya. Desemba 21, 2023 akaamriwa kupelekwa katika hospitali yenye ulinzi bila kuwekewa ukomo, akae humo mpaka madaktari waone si hatari tena. Alikuwa na miaka 18. Ripoti iliyosomwa mahakamani ilisema bado alikuwa akieleza nia ya kurudia uvamizi mapema iwezekanavyo. Mimi simcheki na wala simtukuzi. Namwona ni mtoto mgonjwa mwenye kipaji, ambaye maelfu ya watu wazima walimpigia makofi wakati alipohitaji mtu wa kumshika mkono amtoe pale.

Katika kesi hiyo kulikuwa na hoja ambayo ni kiini cha fikra za mashabiki. Upande wa utetezi ulisema kwamba tangazo la kwanza la mchezo huo, lililotolewa Desemba 2023, lilitazamwa mara milioni 128 kwenye YouTube katika siku nne za mwanzo. Kama watu wote hao bado wana hamu, madhara yako wapi? Ni hoja tamu. Nimeisikia pia kwa mfanyabiashara mmoja wa vitenge ninayefahamiana naye, mtu mwenye akili sana na asiyedanganyika kwa hesabu. Nilipomweleza habari hii alinikata kauli: "Mwalimu, na wewe mshahara wako ule ndio unamlilia tajiri?"

Hakukosea kwamba ni tajiri. GTA ya tano imeuza zaidi ya nakala milioni 200. Rockstar iliiambia mahakama kwamba kujisafisha baada ya uvamizi kuliigharimu dola milioni 5 na maelfu ya saa za wafanyakazi. Kwa kampuni ile dola milioni 5 si kitu cha kuifilisi. Lakini zile saa ni za nani? Ni za fundi wa kawaida aliyetakiwa kuacha kazi yake akague mlango kwa mlango nani aliingia wapi. Jaji naye hakuikubali ile hoja ya utetezi, akasema kulikuwa na waathirika halisi wa uvamizi wa kijana yule, watu na kampuni.

Nilimwambia rafiki yangu wa vitenge aiache Rockstar, tuzungumzie Insomniac. Hii ni kampuni ya Burbank, California, iliyo chini ya Sony tangu mwaka 2019, inayotengeneza michezo ya Spider-Man. Desemba 2023 kundi la wadukuzi linalojiita Rhysida lilitangaza kwamba limeingia katika kompyuta zake. Halikutaka sifa kama yule kijana. Lilitaka fedha, tena liliweka mnada: bei ya kuanzia sarafu 50 za Bitcoin, ambazo wakati huo zilikuwa kama dola milioni 2, na siku saba za kufikiri. Siku zilipokwisha bila kulipwa, Desemba 19, kundi likamwaga mafaili zaidi ya milioni 1.3.

Ndani ya mafaili hayo mlikuwa na mchezo wa Wolverine ukiwa katikati ya kutengenezwa, na orodha ya michezo iliyopangwa kwa miaka mingi mbele. Mlikuwa pia na nakala za pasi za kusafiria za wafanyakazi na taarifa zao binafsi. Vyote katika furushi moja.

Hapo ndipo ninapotaka kusimama kidogo na msomaji wangu, kwa sababu juu ya karatasi hatuhitaji kufundishwa na mtu wa California. Katika makazi ya wakimbizi nilikokulia, upande wa Tanzania, mtu hakutoka bila kibali. Baba yangu alitunza chake katika mfuko wa nailoni, na mfuko akauweka ndani ya bati la maziwa, na bati chini ya kitanda. Nyumba ikivuja alikuwa anasogeza kwanza bati, halafu watoto. Tulipokuwa tunarudi, kila familia ilishika ile karatasi ya kurudi kama yai. Na leo mfanyabiashara anayevuka kwenda Manyovu anajua akipoteza lesepase yake siku ya soko ni hasara gani, na akiokotewa na mtu mwenye nia mbaya ni hasara gani nyingine. Anaweza kukopewa deni asilolijua. Anaweza kutafutwa kwa kosa la mtu aliyebeba jina lake.

Sasa mchukue fundi wa kuchora pale Insomniac, labda naye amehamia Marekani kutoka nchi nyingine, maana pasi katika faili la mwajiri mara nyingi ni ya mtu wa namna hiyo. Pasi yake iko wazi, imelala jirani na picha za Wolverine. Mashabiki walifanya nini? Ni kweli, wengi walisema waziwazi kwamba jambo la pasi ni ovu, na wapo waliowaomba wenzao wasiangalie wala kusambaza chochote. Hao nawapa haki yao. Lakini wengine wengi walisikitika kwa mdomo huku mkono unachambua. Wakazitafuta picha, wakaupata mchezo ule usiokamilika wakauwasha na kuucheza, wakakaa kujadili kama ni mzuri. Baadaye wakatokea waliochukua mafaili ya Spider-Man wa pili wakayaunga kwa ustadi ili mchezo uende kwenye kompyuta ya kawaida, kabla kampuni haijautoa kwa njia hiyo. Kwao furushi lina pande mbili, upande wa dhambi ambao wao hawakuugusa, na upande wa burudani.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya biashara anajua kwamba mwizi haibi anachokihitaji. Huiba kinachonunulika. Anayeiba baiskeli sita usiku mmoja hana miguu kumi na miwili, ila anamjua fundi wa gereji atakayezipokea. Katika mnada ule mteja wa kwanza anayetajwa ni kampuni, iliyotakiwa kujikomboa. Lakini kitisho chenyewe kinasimama juu ya nini? Kinasimama juu ya uhakika kwamba mafaili yakimwagwa yatasomwa na umati wenye njaa. Kampuni inayotengeneza mabomba ya maji ikiibiwa michoro yake hakuna kijana wa Nyanza-Lac atakayekesha kuitafuta, ila gemu ina mamilioni wanaosubiri. Shabiki halipi hata senti moja, lakini macho yake ndiyo yanayopandisha bei.

Tena mashabiki hao hawajiulizi mwenye duka ni nani. Kundi hilohilo la Rhysida, Oktoba 2023, ndilo lililoivamia Maktaba ya Taifa ya Uingereza na kuyapiga mnada mafaili yake pia, na wasomaji wakakaa miezi mingi bila kuweza kutumia huduma za mtandao za maktaba ile. Agosti ya mwaka huohuo lilijitangaza kuhusika na uvamizi wa hospitali za kampuni moja ya Marekani, ambapo magari ya wagonjwa yalilazimika kuelekezwa kwingine. Umaarufu wa Wolverine uliwapa watu hao jina ambalo maktaba na hospitali hazikuweza kuwapa.

Nisionekane ninawaonea mashabiki. Wana malalamiko, na mengine ni ya haki kabisa. Kampuni hizi huuza ndoto kwa matangazo miaka mingi kabla ya bidhaa. Desemba 10, 2020 kampuni ya CD Projekt ya Poland ilitoa mchezo wa Cyberpunk 2077 ukiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba Sony iliuondoa dukani kwake siku chache baadaye na kuahidi kurudisha fedha za watu. Miezi miwili haijatimia, Februari 9, 2021, CD Projekt ikatangaza kwamba imevamiwa, kompyuta zake zimefungwa, na wavamizi wanataka walipwe. Ilikataa kulipa. Wapo waliosikitika, lakini wapo pia waliosema imevuna ilichopanda.

Naielewa hasira hiyo. Mtu aliyeuziwa sukari yenye mchanga akisikia duka limeibiwa hawezi kulia. Ila tazama kilichofuata. Mwezi huohuo CD Projekt ikasema kwamba marekebisho makubwa ya mchezo yaliyoahidiwa Februari yatachelewa, na sababu mojawapo ni uvamizi ule. Yalitoka mwisho wa Machi. Kwa hiyo waliofurahia duka kuibiwa ndio haohao waliokuwa nje wanasubiri kubadilishiwa sukari.

Kuna swali jingine ambalo mwenye kibanda mmoja aliniuliza, na sitalikwepa. Alisema: "Mwalimu, gemu zote unazoziona hapa ni za kunakili kwenye flashi. Nani kati yetu msafi?" Ni kweli. Mchezo mpya huweza kuuzwa dola 70, na nani huku ana dola 70 za mchezo? Vijana wetu walikua na GTA San Andreas ya mwaka 2004 bila kuona boksi lake halisi. Sitasema kwamba kunakili ni halali, kwa sababu si halali. Nitasema tu kwamba uzito haulingani. Anayenakili kanda iliyokwisha kuuzwa amemnyima mwenye kazi fedha ambayo pengine asingeipata kwake. Anayevunja kompyuta ya kazini amechukua kazi kabla mwenyewe hajasema nimemaliza, na amechukua pamoja nayo mazungumzo ya watu, mishahara yao na pasi zao. Mwenye kibanda hakuridhika na jibu langu. Alisema walimu tuna mizani nyingi.

Jambo hili halikuanza na kizazi hiki. Mwaka 2003 kampuni ya Valve ya Marekani ilivamiwa na maandishi ya ndani ya mchezo wa Half-Life 2 yakavuja, mchezo ukiwa umeshatangazwa kutoka Septemba 30 mwaka huo. Mkuu wa kampuni, Gabe Newell, aliwaandikia mashabiki Oktoba 2 akawaomba msaada wa kumtafuta mvamizi, na wengi wakamletea taarifa walizonazo. Aliyefanya akawa ni kijana wa Ujerumani, shabiki mkubwa, aliyesema alitaka tu kuona kazi imefika wapi. Alimwandikia Newell mwenyewe na hata kuomba kazi. Wamarekani wakapanga kumvuta kwa usaili wa kazi ili wamkamate akitua, lakini polisi wa Ujerumani wakamwahi Mei 2004. Mahakama ilimpa miaka miwili ya uangalizi bila jela. Mchezo ukatoka Novemba 2004, zaidi ya mwaka mzima baada ya tarehe ya kwanza.

Nimeisoma habari hiyo darasani mara mbili sasa, maana inafaa kwa somo la ufahamu. Kila mara wanafunzi wanagawanyika. Wapo wanaosema kijana alionewa, kwa sababu aliiba kwa mapenzi. Msichana mmoja, ambaye mama yake huvuka mpaka kila Alhamisi na kapu la dagaa, aliuliza swali ambalo wenzake hawakulijibu. Alitaka kujua wale wa Insomniac walifanyaje kuhusu pasi zao, kama walipewa nyingine. Nikamwambia pasi hubadilishwa, lakini nakala iliyokwisha kusambaa hakuna ofisi ya kuirudisha. Akauliza kama watu bado wanaendelea kuyafungua mafaili yale. Nikamwambia ndiyo, bado.